Kutoka Budadiri hadi Kapkwai: siku tano juu ya Masaba

Naandika haya wiki mbili baada ya kurudi Kampala. Daftari langu lililowa siku ya pili ya kupanda, na kurasa za katikati nimeweza kuzisoma baada ya kuzianika juani na kuzipiga pasi moja moja. Saa na majina ya mahali nimeyatoa kwenye picha za simu. Niliamua kuandika kabla magoti hayajasahau, kwa sababu nilipokuwa nikijiandaa nilitafuta simulizi ya Kiswahili ya kupanda mlima huu kwa upande wa Uganda nikaambulia vipande vipande tu.

Kwenye ramani unaitwa Elgon. Wenyewe wanauita Masaba. Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, huu ni mwaka wa saba nafundisha Kiswahili Kampala, na mlima huu nimeuona tangu utotoni kwa upande wa Kenya: wa buluu, mpana, umelala kama ng'ombe aliyeshiba. Hauna ncha moja ya kumwonyesha mtu kwa kidole kama Kilimanjaro. Ni volkano iliyozimika, nzee kuliko Kilimanjaro yenyewe, na shimo lake la juu lina upana wa kilomita nane hivi. Nyanya yangu alikuwa akisema sisi na Wamasaba, ambao wengi huwaita Wagisu, ni watoto wa nyumba moja waliogawana mlima. Nilitaka kuiona nyumba hiyo kwa ndani. Nilifuatana na mdogo wangu wa kiume, fundi umeme, mwenye mapafu mazuri na subira ndogo.

Jumamosi, 24 Agosti 2024. Kampala hadi Mbale

Basi lilikuwa liondoke saa moja asubuhi. Liliondoka saa tatu kasoro, lilipojaa. Kila nilipouliza, kondakta alinijibu, "Nyabo, dakika tano," kwa upole ule ule. Nauli ilikuwa shilingi 25,000 za Uganda kila mmoja. Namawojjolo tulinunua kuku wa kijiti na gonja, ndizi za kuchoma, kupitia dirishani, tukavuka Nile kwa daraja jipya la Jinja, na baada ya hapo ni barabara ya Tirinyi na mashamba yake ya mpunga mpaka usingizi unakushika. Unapozinduka, ukuta wa Wanale uko mbele yako, na maji membamba yanateleza juu yake kama nyuzi nyeupe.

Mama mwenye nyumba ya wageni tuliyolalia (50,000, vitanda viwili, maji ya moto kwenye ndoo) alituonyesha alama ukutani, juu kidogo ya kiuno changu. Maji yalifika hapo usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Mbale ilipofurika. Hakutia chumvi wala hakulia. Alisema tu kwamba tangu siku hiyo, mvua ikinyesha mlimani usiku, huku mjini yeye halali.

Jioni hiyo tulifungua mizigo tukakuta begi la kulalia nililokodi Kampala lina zipu mbovu kuanzia magotini kwenda chini. Duka lilikuwa limenihakikishia kwamba kila kitu kimekaguliwa. Fundi cherehani wa karibu na soko alikuwa ameshaanza kufunga. Alilishika lile begi, akaniuliza ninakwenda nalo wapi, akawasha taa tena. Zipu ya urefu ule hakuwa nayo, kwa hiyo alishona vifungo kumi na vinne na vitanzi vyake, kwa mkono. Alichukua 5,000, akakataa ya ziada. "Huko juu ukisikia joto, niombee," alisema. Anayekodi vifaa avifungue dukani, avitandike sakafuni na aingie ndani yake, hata watu wakimtazama.

Jumapili, 25 Agosti. Budadiri

Malipo ya hifadhi tuliyamaliza asubuhi. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kidogo kuliko wageni wa mbali, lakini lazima uonyeshe kitambulisho, na cha mdogo wangu kilikuwa chini kabisa ya begi. Bei hubadilika, kwa hiyo ulizia kabla ya kufunga safari, na uulize waziwazi ni nini kimo na nini hakimo. Chakula hakimo. Wapagazi hawamo. Matatu ya kwenda Budadiri ilikuwa 7,000, watu wanne kwenye kiti cha watatu.

Kabla ya kufika tulisimamishwa na ngoma. Mwaka unaogawanyika kwa mbili ni mwaka wa imbalu, tohara ya Wamasaba. Hufunguliwa Mutoto, karibu na Mbale, mwezi wa Agosti, kisha koo zinapokezana. Barabara nzima ilijaa kadodi: ngoma zinapigwa, wanawake wanaimba, vumbi limefika usawa wa madirisha. Katikati alikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, njuga zimefungwa mapajani, shanga zimepishana kifuani, mwili umepakwa unga wa kimea mpaka nyusi zimekuwa nyeupe. Nilikuwa nimeshainua simu. Mama mmoja aliyekaa jirani nami aliushika mkono wangu polepole, akaushusha. "Muulize kwanza yule shangazi yake." Niliteremka nikauliza. Shangazi akaniuliza natoka wapi, nikasema Bungoma, nikaongeza salamu yetu, "Mulembe." Alicheka kwa sauti, akanivuta ndani ya duara. Nilicheza dakika kumi. Picha sikupiga, na hilo sijalijutia.

Sisi nyumbani tunatahiri pia, na yale niliyoyaona nayajua: kijana husimama wima mbele ya watu wake, hafumbi jicho, hatikisiki. Mdogo wangu alisimama hivyo mwaka 2008. Wiki ile nzima, tangu Kampala, alikuwa akinikumbusha.

Budadiri tulilala kwa bibi mmoja mjane anayekaribisha wageni, nyumba ya vyumba vitatu na mgomba mlangoni. Tulimwita Kukhu, yaani bibi, kama tunavyosema kwetu, naye akaitika bila kushangaa. Alipika malewa. Hayo ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, yamekaushwa kwa moshi mpaka yamekuwa rangi ya ngozi ya kiatu, yamefungwa kwa kamba kama kuni ndogo. Aliyachemsha, akayakatakata vipande vyembamba, akayarudisha jikoni na karanga za kusaga na chumvi. Ladha yake ya kwanza ni moshi, ya pili ni karanga, na ya tatu sikuijua mpaka nilipoingia msitu wa mianzi siku iliyofuata nikaivuta puani. Tulikula na matoke, kutoka sinia moja.

Baada ya chakula nilimwomba anisimulie imbalu ilianzaje. Akasema Masaba alipotaka kuoa alimpenda Nabarwa, binti wa watu wa upande wa pili wa mlima. Binti akasema kwetu mwanamume ambaye hajatahiriwa ni mtoto bado. Masaba akakubali kisu. Nilikaa kimya, maana kwetu Bukusu husimuliwa habari nyingine: shujaa Mango alimuua joka lililokuwa likiwamaliza watu, ndipo Barwa wakakubali kumtahiri. Visa viwili, mtu wa kwanza tofauti, lakini kisu kimetoka kwa watu wale wale. Barwa ndio tunaowaita Wakalenjini wa mlimani, Wasabaoti upande wetu, Wasabiny upande wa Uganda. Nilikuwa nimesikia vyote hivyo utotoni na sijawahi kuviweka pamoja.

Kabla ya kulala Kukhu alitazama viatu vyangu vya kupandia, vipya, vya bei. Akaingia ndani akarudi na gambuti nyeusi. "Za marehemu mwanangu. Vaa hizi matopeni. Hivyo vyako weka vya juu kwenye mawe." Zilinikaa sawasawa kwa soksi mbili.

Jumatatu, 26 Agosti. Budadiri hadi kambi ya Mto Sasa

Msafara wetu: sisi wawili, mwongozaji mmoja, askari wawili wa hifadhi wenye bunduki kwa kuwa mpaka uko karibu, na wapagazi watatu vijana. Mwongozaji ni mzee wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa kahawa. Alikuwa na Kiswahili cha kujifunza kwa wafanyabiashara wa Kenya wanaokuja kununua vitunguu, na tangu saa ya kwanza nilimwita Papa, naye akaniita binti yetu.

Boda ilitupeleka hadi Bumasola kwa 10,000. Ilituokoa saa mbili za jua, na kwa mtu asiye na haraka ya kujithibitisha naisifu sana. Kutoka hapo ni kupanda tu, kati ya kahawa na migomba na maharage yaliyopandwa kwenye miteremko ambayo mimi nisingethubutu kufunga mbuzi. Watu wote walitusalimia. Papa alisimama kwa kila mmoja: habari ya mtoto, habari ya ng'ombe, mvua imefikaje kwako. Mdogo wangu alianza kutazama saa. Nami pia, nakiri. Kumbe kila kituo kile kilikuwa ni kuuliza njia. Mahali pa tatu tuliambiwa kijito cha mbele kimepasua ukingo, tukapitia juu zaidi. Papa alituonyesha ufa kwenye shamba moja, mwembamba kama mstari wa kalamu. "Hapa mwenyewe hulala akisikiliza," alisema. Hakuna asiyejua habari za Nametsi, kule Bududa, ambako tarehe 1 Machi 2010 mlima ulishuka ukafunika kijiji na mamia ya watu.

Halafu genge la Mudangi. Ni ukuta wa mwamba, na ngazi zimeegeshwa penye wima. Nilipanda kwa mikono miwili na kwa macho yaliyotazama kipago kilicho mbele tu. Wapagazi walipita na mizigo yetu mgongoni wakiongea habari za mpira. Juu yake ndipo hifadhi inapoanza, na joto la mashamba likakatika kama mtu amefunga mlango. Msitu, mbega wakiruka, kisha mianzi.

Kwenye mianzi tulikutana na wanawake wanne wakishuka, kila mmoja na mzigo kichwani, wa kwanza na mtoto mgongoni. Wana kibali, vijiji vina makubaliano na hifadhi kuhusu siku na vitu vya kuchukua. Walipanda alfajiri kwa njia ile ile ya ngazi, na saa nane wangekuwa nyumbani kwao wakipika. Nilisogea pembeni wapite. Vitabu huandika kwamba waliofika kwanza kilele cha Wagagai ni Rudolf Kmunke na Robert Stigler, mwaka 1911. Huenda kileleni ndiyo. Lakini njia niliyoilipia ilichimbwa na nyayo za watu wa malewa.

Kambini, mita 2,900, tulifika saa kumi na moja. Tulikuwa tumepanda mita 1,650 kwa siku moja. Mto unaitwa Sasa, kambi inaitwa Sasa, na kwa Mswahili jina hilo linasikika kama amri. Ugali, dengu, usingizi.

Wapagazi walilala kwenye kibanda wakiwa na blanketi moja kwa wawili. Ukija, lete blanketi au masweta yasiyotumika uwaachie. Na malipo yao mpe kila mmoja mkononi mwake, mwisho wa safari, mbele ya wenzake.

Jumanne, 27 Agosti. Mude

Mvua kuanzia saa tatu hadi saa nane. Hapo ndipo daftari lilipolowa. Mianzi iliisha, ikaja miti ya majani membamba iliyofunikwa ndevu za kuvu, kisha nyasi wazi na maua makavu meupe yasiyonyauka. Gambuti za Kukhu zilizama hadi usawa wa vigimbi na zikatoka. Viatu vyangu vya bei, begini, vilibaki vikavu.

Pango la Mude liko mita 3,500. Usiku maji ya kwenye sufuria yaliganda juu. Vifungo kumi na vinne vilifanya kazi yao.

Jumatano, 28 Agosti. Wagagai

Hii ndiyo siku niliyoahirisha kuiandika.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa tochi za kichwani. Ni kilomita tisa hivi kwenda. Mbingu ilikuwa safi, na kulipokucha tulijikuta kati ya mimea ambayo picha haziitendei haki: lobelia ndefu kuliko mtu, na miti minene yenye kichwa kimoja cha majani kama kabichi juu ya nguzo, imesimama mmoja mmoja bondeni kama watu waliokuja mazishini. Kimya kabisa. Pimbi mmoja alitoka juu ya jiwe akatutazama.

Mdogo wangu alikuwa ameamka na maumivu ya kichwa. Aliniambia mimi tu. Nilimpa dawa ya maumivu, nikamwambia ni usingizi, jikaze, leo ndiyo leo. Hayo ndiyo maneno yangu, nimeyaandika daftarini kwa mkono wangu. Sikumwambia Papa.

Tulipokaribia ziwa dogo linaloitwa Jackson's Pool, kwa jina la gavana wa zamani wa Kiingereza, alianza kutembea kama mlevi. Alikanyaga pembeni ya njia mara mbili. Akakaa, akatapika, akainuka akasema yuko sawa, twende. Papa alirudi nyuma akamtazama machoni, akamwambia ahesabu kutoka ishirini kurudi nyuma. Alifika kumi na sita akapotea.

"Unashuka," Papa alisema.

"Papa, mimi nimetahiriwa kwa kisu, mchana, mbele ya watu. Siwezi kurudi kwa sababu ya kichwa."

Mzee hakupandisha sauti. "Mimi pia, 1988. Siku ile ulifanya nini?"

"Nilisimama."

"Ulisimama. Hukuenda mbele, hukurudi nyuma. Ulisimama watu wakuangalie, ukawaacha wafanye kazi yao. Sasa mimi nakuangalia. Simama, halafu uniache nifanye kazi yangu."

Kaka yangu yule, anayebishana hata na mita ya umeme, aliinamisha kichwa. Alishuka na askari mmoja na mpagazi mmoja. Dawa ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka, mapema, mchana, kabla mtu hajashindwa kutembea mwenyewe. Kidonge cha maumivu kinaficha dalili tu, na mimi ndiye niliyezificha. Kama unasafiri na ndugu, mkubaliane Kampala, kabla ya basi, kwamba atakayeumwa kichwa anamwambia mwongozaji kwanza, siyo dada.

Nami niliendelea. Papa aliniuliza mara mbili kama nataka, nikasema ndiyo mara mbili. Saa nne na dakika ishirini nilifika Wagagai, mita 4,321. Wingu lilikuwa limetanda, likapasuka kwa dakika tatu au nne, nikaona shimo la volkano likiwa wazi chini yangu, na mbali kulia miteremko ya Kenya, mashamba ya miraba miraba kuelekea kwetu. Papa alinyoosha fimbo. "Bungoma." Nilitaka kufurahi. Nilichokuwa nakitazama ni nyumbani kwa mama yetu, na mwanawe nilikuwa nimemwacha kwenye nyasi na watu tuliofahamiana siku mbili. Nilikaa dakika tano nikasema tushuke.

Nilimkuta Mude karibu na moto, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, rangi imerudi. Askari alikuwa amemvua soksi zilizolowa akampa zake mwenyewe. Nilikaa pembeni yake. Hakusema neno mpaka chai ilipoisha. Kisha akasema, "Dada, ungeshuka na mimi." Nikamwambia ndiyo, ningeshuka. Safari hii ikirudiwa nitashuka.

Alhamisi, 29 Agosti. Mude hadi Tutum

Siku ndefu ya kuteremka na kupanda na kuteremka, kuelekea kaskazini-magharibi. Kichwa cha mdogo wangu kilikuwa kimepona kabisa. Safari hii tuliweka mizigo yetu na mwendo wetu kwa kasi yake. Cha kuandika ni kidogo: nyika, ukungu, mikate miwili ya siagi ya karanga, mianzi tena.

Pango la Tutum tulilifikia jioni. Lina mdomo mpana, na dari ina masizi ya mioto ya zamani sana na ya juzi. Mapango ya mlima huu yalikuwa nyumba: watu waliingia na ng'ombe wao wakati wa vita na wizi wa mifugo, na udongo wa kuta una chumvi ambayo mifugo huilamba. Papa aliparua ukuta kwa kucha akanipa nionje. Chungu, na chumvi nyuma yake. Alituambia kuanzia hapa yeye ni mgeni kama sisi. Njiani upande huu salamu zilikuwa zimebadilika, na alikuwa akizitamka polepole, kwa heshima, kama mtu anayekunywa kwa kikombe cha mwenzake.

Ijumaa, 30 Agosti. Kapkwai na Sipi

Saa tatu za kuteremka msituni, tukatoka kwenye kituo cha hifadhi cha Kapkwai, katika nchi ya Wasabiny. Hapo tuliwalipa wapagazi na tukaagana na askari. Papa alibaki nasi, maana gari lake la kurudi lilikuwa la kesho.

Tulilala Sipi kwa mama mmoja mwenye mgahawa wa mbao unaotazama maporomoko makubwa, yale yanayodondoka karibu mita mia moja. Chai 1,000, chapati 1,000, rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, 3,000, chumba 40,000. Ukutani alikuwa amebandika picha ya gazetini ya Joshua Cheptegei, mwana wa Kapchorwa, aliyeshinda dhahabu ya mita 10,000 Paris tarehe 2 Agosti. Pembeni yake picha iliyofifia ya Stephen Kiprotich na dhahabu ya marathoni ya London 2012. "Hawa wanakimbia tunapotembea sisi," alisema, na kwa miguu yangu ya siku ile niliamini.

Usiku, umeme ukiwa umekatika, nilimsimulia habari ya Nabarwa na habari ya Mango, pamoja, kama nilivyokuwa nikizibeba tangu Budadiri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia Papa.

"Kwa hiyo huyo Nabarwa ni dada yetu."

"Ni dada yenu," Papa alikubali.

"Na ng'ombe wake mlilipa?"

Papa alicheka mpaka akakohoa. Akasema ataenda kuuliza Inzu ya Masaba, nyumba ya utamaduni wao, kama kuna kumbukumbu.

Kisha yule mama akanieleza, mimi mwanamke mwenzake, jambo ambalo sikuwa nimethubutu kumwuliza. Kwao wasichana pia walikuwa wakikatwa. Bibi yake alikatwa, mama yake alikatwa, yeye alikatwa. Binti zake watatu hawakukatwa. Alitaka nielewe kwamba hilo halikuanza kwa sheria ya mwaka 2010, ingawa sheria imesaidia. Wazee wa Kisabiny wenyewe walikuwa wamekaa na kulizungumza tangu miaka ya 1990, mpaka jumuiya yao ikapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa mwaka 1998. "Zawadi kwa msichana tumeziacha," alisema. "Nyimbo tumeziacha. Mashauri ya bibi tumeyaacha. Kisu tumekitoa." Kuacha, kwa namna alivyolitamka, ni kubakiza mahali pake. Alisema vilevile kwamba bado wapo wanaowapeleka mabinti gizani, na kwamba ndiyo maana anaongea na kila mgeni.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya bila jina lake. Akanipa.

Ukifika Sipi, usiishie kupiga picha maporomoko. Nunua kahawa kwa mwenye shamba, umwombe akuonyeshe anavyoimenya, kuikaanga na kuitwanga kwa kinu. Tulilipa 20,000 kwa wote watatu, na kikombe alichotupa mwisho ndicho kilichonirudishia nguvu za kushuka.

Jumamosi, 31 Agosti. Kurudi, kupitia Budadiri

Matatu kutoka Sipi, tukateremka njia panda, boda hadi Budadiri. Ni kuzunguka, na ilitugharimu basi la mchana la Kampala, lakini gambuti zilikuwa za mtu.

Nilikuwa nimezisugua Sipi kwa brashi na sabuni. Kukhu alizigeuza, akatazama nyayo, akaingiza mkono ndani kuona kama zimekauka. Zilikuwa zimekauka. Akazirudisha nyuma ya mlango, mahali zilipokuwa. Kisha akamkagua mdogo wangu kwa namna ile ile, kuanzia juu hadi chini. Habari za kichwa chake zilikuwa zimeshamfikia; wapagazi walifika kabla yetu.

Alitufungia malewa, fungu zima la mkono, na akakataa pesa. Akasema mwaka 2026 ni wa imbalu tena na mjukuu wake atakuwa wa umri, kwa hiyo tuje, tusije mikono mitupu, tuje na sukari. Mdogo wangu akaahidi kilo kumi. Kukhu akaingia ndani, akatoka na kipande cha mkaa, akaandika kumi kwenye ukuta wa jikoni.